Nilitumwa Shinyanga Kumleta Mrisho

Mama Mrisho hakunituma kwa sababu nina akili. Alinituma kwa sababu mimi ni Mzaramo na mwanawe ni Mnyamwezi, na sisi ni watani: hutukanana hata msibani, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Ndugu zake walikwisha kumwandikia barua za kumbembeleza arudi Tabora. Kila mara alijibu kwamba hajambo, na kazi ya dhahabu huko Geita ni nzuri. Kisha dereva mmoja wa lori akaleta habari kuwa Mrisho hayuko Geita tena, yuko Shinyanga, anaumwa kifua.

"Nenda wewe," mama yake akaniambia, amesimama mbele ya cherehani yangu. "Mtukane mpaka aone haya, umlete nimwuguze mwenyewe."

Alfajiri nilipanda treni. Reli ya Mwanza ilikuwa ingali mpya siku hizo, na behewa la daraja la tatu lilijaa kuku na magunia ya karanga. Njia nzima nilitunga matusi, nikicheka peke yangu, hata mwanamke mmoja akahamisha kikapu chake mbali nami. Tulipopita Isaka mbao za viti zilikuwa za moto, watu wakawa wanakaa upande upande.

Saa nane mchana nilishuka Shinyanga. Tabora kuna joto, lakini joto la Shinyanga halina adabu. Miti ilikuwa imefyekwa ili kufukuza mbung'o, na kutoka stesheni hadi nyuma ya maghala ya pamba sikupata kivuli cha kuweka hata kofia. Nilielekezwa kwenye chumba cha udongo, karibu kabisa na reli. Sikupiga hodi. Nilisimama mlangoni nikapaza sauti.

"Mnyamwezi! Bado hujafa tu? Nimekuja na sanda, usinipotezee siku!"

Akatoka mwanamke ameshika kata ya maji. Alikuwa Nyamizi, Msukuma ambaye Mrisho alimwoa huko Geita. "Mwadila, shemeji," akaniamkia kwa Kisukuma, taratibu. "Ingia. Yumo, lakini usimchoshe."

Ndani nilimwona, nikatamani kutoka. Yule Mrisho aliyekuwa akibeba gunia la chumvi kwa mkono mmoja alikuwa mifupa na macho, ameegemezwa ukutani kwa sababu akilala hawezi kuvuta pumzi. Machozi yalinijia, sitaki kudanganya.

"Mzaramo," akasema, "ulianza vizuri, mbona umenyamaza? Tangu niugue kila mtu ananinong'oneza kana kwamba nimekwisha kuzikwa."

Basi nikaketi, nikamtukana, naye akanisimulia. Kazi yake ilikuwa kutoboa mwamba chini ya ardhi. Baruti ikishalipuka waliingia vumbi likiwa halijatulia, wakilimeza kutwa nzima. Alipoanza kukohoa alipanda lori mpaka Shinyanga ili apande treni ya kwetu. Miezi saba imepita, na treni hakuipanda.

"Niliaga kwamba nitarudi na bati za nyumba ya mama," akasema. "Nirudi na kikohozi?"

Alasiri nikaona ndiyo saa yangu. "Mama yako hataki bati," nikamwambia. "Anataka jitu la kumtuma maji. Na kwa miguu hiyo, hata ndoo tupu itakubeba wewe."

Mrisho akacheka. Nyamizi naye akacheka, mkono mdomoni. "Haya," Mrisho akasema, "nimeshindwa. Mke wangu, funga mzigo, kesho tunakwenda kwa mama."

Nilikuwa nimekwisha kumpata. Ilinipasa kuishia pale. Lakini mimi mtu akishacheka kwa maneno yangu huwa sijui kuacha, nikaongeza: "Na utasafiri bila tiketi. Tutakubandika stempu kwenye paji la uso, ushushwe Tabora pamoja na barua zako za uongo!"

Alicheka mpaka akainama. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaleta damu, na damu haikukatika. Nyamizi alimshika kifua, mimi kichwa. Kabla ya adhana ya magharibi alikuwa amefariki.

Asubuhi tulimzika. Nilitimiza wajibu wa mtani: kaburini nilimwita mwongo, aliyeniahidi safari akanitoroka. Nyamizi, kabla hajaanza kukaa eda, aliniambia, "Alikuwa hajacheka tangu tutoke Geita." Sijui kama alinishukuru au alinilaumu.

Siku ya tatu nilipanda treni ya kurudi. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa naye hutamani kutaniwa, na kwamba mimi sijui kupima kicheko cha mtu.

Kwenye stesheni ya Tabora Mama Mrisho alikuwa akingoja, kama alivyongoja kila treni tangu niondoke, na wanaume wawili wamemshikia kitanda cha kamba cha kumbebea mgonjwa. Aliponiona akapaza sauti: "Mzaramo mvivu! Mwanangu umemsahau kwenye behewa?"

Miaka yote aliyonijua sikuwahi kukosa jibu la kumpa. Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Mama Mrisho akawageukia wale wanaume na kuwaambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, wakirudishe kitanda nyumbani.