Chumvi na Sifuri Niliyompa Neema

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyompa mtoto wa watu sifuri. Mpaka leo nikiiwaza nacheka na kuona aibu kwa pamoja.

Nilikuwa mwalimu mpya wa fizikia hapa Kasulu, kichwa kimejaa vitabu. Kwenye jaribio la kuchemsha maji, Neema, binti aliyetoka Kakonko, aliandika kwamba yamechemka kwenye nyuzi tisini na sita. Vitabu vinasema mia! Nikamwambia amebuni. Alama ile ndiyo ingeamua kama ataendelea na masomo ya sayansi. Alilia, lakini jibu hakubadilisha.

Mzee Bitama, mtunza maabara, alisubiri darasa litoke.

"Mwalimu, wewe uliangalia?"

"Kipimajoto ni kibovu, mzee."

Mzee alinunua barafu kwa muuza soda, akaiponda, akakizamisha kipimajoto humo. Ikaanza kuyeyuka, kikasoma sifuri kamili. Kizima kabisa! Akanyunyiza chumvi ya Uvinza, akakoroga. Barafu ikazidi kuyeyuka, na kipimajoto, badala ya kupanda, kikashuka chini ya sifuri! Nilipiga kelele utadhani timu yangu imefunga bao.

Tukachemsha maji. Tisini na sita, vilevile alivyoandika Neema. Huku kwetu milimani hewa hukandamiza maji kidogo kuliko pwani, basi huchemka mapema. Nilisoma hayo chuoni, nikayasahau mbele ya sufuria. Mzee akatia chumvi. Maji yakafoka kidogo, yakatulia, kisha yakachemka kwenye joto kubwa zaidi, maana chumvi ikishayeyuka, maji hayakubali kirahisi kuganda wala kuchemka. Mimi nikanyakua kijiko. Ongeza! Ongeza tena! Hadi tukafika mia.

"Ego," akasema mzee kwa Kiha, akitikisa kichwa kukubali, "mia yako hiyo. Ila hayo si maji ya Neema tena, mwalimu. Hayo ni mchuzi."

Kesho yake nilisimama mbele ya darasa zima nikamwomba Neema radhi, nikawasimulia tuliyoyaona na mzee kwenye barafu na maji, nikamrudishia alama zake. Akafuta uso.

"Asante, mwalimu. Sasa naomba na mimi nione ile ya barafu."

Basi, mwanangu, kabla hujamwita mtu mwongo, chemsha maji yake kwanza, uangalie kwa macho yako. Ukikuta umekosea, sema mbele ya walewale waliokusikia ukimhukumu. Mungu akujalie macho ya Neema, na azidi kukupa watu wa kukuuliza, "Wewe uliangalia?"