Ramani Kwenye Ulimi wa Bibi

Rafiki yangu, wiki iliyopita nilikaa kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Mbeya, nimempakata binti yangu wa miaka saba ambaye kwa kweli hapakatiki tena. Alikuwa amekataa nanasi, akisema linamchoma. Nilipomwambia atoe ulimi nikaona mabaka mekundu yenye kingo nyeupe, na mabaka hayo nayafahamu tangu utotoni.

Daktari alimulika kidogo tu, akatabasamu. "Huu tunauita ulimi wa ramani, mama. Mabaka yanahama, leo huku, kesho kule. Hauambukizi wala hauui." Chanzo chake, alisema, hakijulikani vizuri. Huwa unatembea kwenye ukoo, na mara nyingine hufuatana na nyufa za ulimi, na mzio, na ule ugonjwa wa ngozi wa magamba. Akauliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyekuwa nao. Nilijifanya natafuta kadi ya mtoto kwenye mkoba.

Alikuwa nao bibi yangu aliyenilea kule Kilolo. Viwiko vyake vilikuwa na magamba meupe aliyoyapaka mafuta ya alizeti kila jioni. Asubuhi tukiota moto jikoni, viazi vikichemka na ukungu umefunga mlango, nilimwambia, "Bibi, nionyeshe." Naye anautoa. Mwalimu alikuwa ametundika ramani darasani, basi mimi nilitafuta maziwa na mikoa kwenye ulimi wa bibi, na kila wiki nchi ilikuwa imebadilika. Tulicheka mpaka viazi vinaungua.

Bibi aliishi kwa ulanzi. Wewe unaujua, pombe ya mianzi, inayogemwa wakati wa mvua. Alikuwa na kichaka chake bondeni, na alfajiri tulishuka naye kwenye umande kukata ncha za machipukizi na kushusha vile vibuyu vya mwanzi, mbeta, vilivyojaa usiku kucha. Ule mtamu wa asubuhi nilipewa mimi. Uliochacha uliwangoja watu wazima, nao walikuja na makoti yao na jembe begani, wakakaa kwenye magogo uani, kikombe kimoja kikizunguka. Na kwetu mwenye pombe lazima aonje kwanza, mbele ya macho ya watu, ndipo apokeze. Asiyeonja ana lake jambo, hata mtoto alilijua hilo. Ulanzi mkali ulimchoma bibi, nilimwona akikunja uso, lakini alimeza.

Siku moja alikunja uso zaidi, na mgeni mmoja akamuuliza pombe ina nini. Mimi nikajibu kabla yake. Nilijibu kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Siyo pombe! Bibi ana mabaka meupe mdomoni, yanahamahama! Bibi, waonyeshe!"

Ilikuwa miaka ile tulipozika kila wiki. Hakuna aliyekuwa hajaona utando mweupe kwenye kinywa cha mgonjwa wake. Jirani yetu, mama aliyekuwa akisuka ukili pamoja na bibi, alikuwa amekishika kikombe. Alikiweka chini taratibu, akasema mvua inakuja, akaenda zake. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga kwa heshima zote.

Tangu hapo bibi alibanwa pande zote. Akionja, hawanywi kwa kuogopa mate yake. Asipoonja, hawanywi kwa kuogopa sumu. Kipimo cha damu kilikuwa mjini Iringa, na kuonekana umekwenda kupima kulikuwa sawa na kukiri. Akaona heri mimi nionje kwa niaba yake. Nilipokea kikombe kwa mikono miwili nikanywa, na jirani akasema kwa upole, "Lakini dada, huyu mtoto si mnakula naye sahani moja?"

Kesho yake bibi akanitengea sahani yangu, ya bati, ya bluu. Akahamia pembeni na yake. Nami nilifurahi, rafiki yangu. Nilifurahi kuwa na sahani yangu! Niliiosha mwenyewe, niliwaringia wenzangu. Sikumwomba tena anionyeshe ulimi, na akiongea alikuwa ameanza kuziba mdomo kwa upande wa kanga.

Wanywaji hawakurudi. Mianzi iliachwa ikakomaa, ulanzi ukachacha ukamwagwa. Bibi alifariki kwa kifua nilipokuwa darasa la saba, na waliomwosha walivaa mifuko ya nailoni mikononi.

Nilipotoka kliniki nilimpigia yule jirani, nikamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene, mama." Ni mzee sasa, na wengi waliokaa kwenye yale magogo amewazika yeye. Kichaka kimeng'olewa, aliniambia, wamepanda parachichi.

"Mama, nilitaka kukwambia, bibi hakuwa na ukimwi. Ni ulimi tu, wa ukoo. Daktari amesema."

"Haya, mwanangu. Bibi yako nilimpenda sana. Lakini wewe ulikuwa mtoto, mambo hukuyajua." Akaniuliza mvua za huku Mbeya.

Kesho yake mchana, baada ya shule, nilipakua ugali na maharage kwenye sinia moja, langu na la binti yangu. Aliliangalia, akaenda kabatini akachukua sahani.

"Nitakula peke yangu, mama. Niliwaonyesha wenzangu shuleni. Wamesema nitawaambukiza."

"Si ulimsikia daktari? Waambie."

"Nimeshawaambia," alisema. Akajipakulia, akaenda kukaa mlangoni na sahani yake, kiganja kimeziba mdomo.