Kabureta Pana kwa Injini Ndogo

Kosa langu la kwanza kubwa katika ufundi lilikuwa kuifungia injini ndogo kabureta ya injini kubwa, nikiamini kwamba koo pana la kupitisha hewa huleta nguvu zaidi. Niliifunga vizuri sana, na hilo ndilo linaloniuma. Hakukuwa na boliti iliyolegea wala tone lililovuja. Nilifanya kwa ustadi kazi isiyotakiwa.

Ufundi nilijifunza mwenyewe kule Walikale, kwa kufungua pikipiki zilizokufa kwenye matope ya barabara ya Hombo na kuzifunga tena hadi zikubali kuwaka. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia imetosha, kwa hiyo hakuna kinachonitosha. Nikimaliza kazi narudi kugusa kila skrubu, nanawa mikono, halafu narudi tena. Nilipohamia Masisi nilikuja na kabureta niliyoitoa kwenye pikipiki kubwa iliyovunjika fremu. Niliipenda. Niliisugua hadi ikang'aa, nikawa namngoja mtu wa kumpa.

Mtu huyo alikuwa papa mmoja, baba wa makamo, mbeba maziwa. Kila asubuhi alizunguka kwa majirani zake wafugaji, akakusanya maziwa yao kwenye bidoni, yale madumu ya plastiki, na kuyapeleka ng'ambo ya mlima kwa mama anayetengeneza jibini. Pikipiki yake, ya cc mia na ishirini na tano, ilikuwa imeanza kuchoka. Ningeisafisha tu kabureta yake, ingepona. Badala yake niliitoa, nikafunga ile yangu, nikaijaribu kwenye tambarare mbele ya garaji, bila mzigo, nikizungusha mshiko wa mafuta hadi mwisho. Iliimba. Papa alicheka kama mtoto.

Kesho yake alirudi akiisukuma.

"Fundi, hapa kwako iko inaimba," alisema. "Kule ku mulima iko inakohoa."

Ilikuwa imemzimikia njiani tena na tena, huku jua likipanda. Mama wa jibini ana desturi ya kuchemsha maziwa kidogo kwenye sufuria kabla ya kuyapokea; yakikatika, hayataki. Siku hiyo yalikatika.

Jioni Papa aliniita kwake. Wafugaji walikuwa wamekaa uani, na maziwa yao yameanza kuwa mashanza, yale maziwa ya mgando tunayoyapenda, lakini nani awezaye kunywa bidoni nzima? Mzee mmoja alinijazia kikombe.

"Kamata, fundi. Kunywa kabirateri yako."

Wakacheka wote. Nilikunywa hadi tone la mwisho. Kisha mama mmoja, ambaye hakuwa amecheka, alimgeukia mwenyeji wetu.

"Papa, kama kesho inaharibika tena, maziwa yetu tutapatia mwengine. Haiko hasira. Watoto wanakulaka juu ya ile maziwa."

"Njo vile, Mama," Papa alijibu. Hakujitetea, wala hakunisukumia lawama, ingawa nilikuwa nimekaa karibu yake kabisa.

Nilimwomba nipande nyuma yake asubuhi, bidoni zikiwa zimejaa. Kabureta yake ya zamani niliisafisha, nikaificha ndani ya koti. Niliificha kwa sababu moyoni bado nilitaka ile kubwa ishinde.

Kwenye tambarare ilikwenda vizuri, nikaanza kujipongeza. Mlima ulipoanza, Papa alivuta mafuta. Injini ikashusha pumzi nzito na kulegea. Alipoachia kidogo ikapata uhai. Akavuta tena, ikazima. Magoti yangu yakiwa yamebana bidoni, ndipo nikaelewa. Anayekunywa pombe ya mtama kwa mrija mwembamba hupata kinywaji kwa pumzi ndogo tu. Mpe bomba nene, atavuta hadi mashavu yaume. Injini ndogo inayopanda polepole na mzigo huvuta hewa kidogo, na kwenye koo pana hewa hiyo hupita kivivu, haiwezi kunyanyua petroli inavyopaswa. Kwenye tambarare injini ilizunguka mbio, ikavuta hewa nyingi, nami nikadanganyika.

"Papa, nilikosea," nilisema. "Ile kabirateri iko kubwa kupita moteri yako. Ile yako niko nayo hapa."

Alilitazama koti langu. "Ulikuja nayo? Basi ulijua."

"Niliogopa tu."

"Ah, woga yako nayo inasaidiaka. Fungua mbio, jua haitungojee."

Tuliziweka bidoni kwenye kivuli cha mikaratusi, tukazifunika majani mabichi. Nilibadilisha kabureta nikiwa nimepiga magoti barabarani, na kwa mara ya kwanza maishani sikurudia kugusa skrubu. Pikipiki ilipanda taratibu, kwa sauti nyembamba, bila kukohoa.

Mama wa jibini aliweka sufuria motoni. Mimi na Papa tuliinama juu yake kama watu wanaosali. Maziwa yalipanda na povu, yakashuka, yakabaki laini.

"Iko muzuri," alisema. "Mulete."

Papa bado anabeba maziwa ya majirani walewale. Mimi sifungi tena kabureta kabla ya kujua ukubwa wa injini, mzigo wake na mlima wake, na kila pikipiki naijaribia mlimani, mzigo ukiwa juu yake.