Trekta la Ghorofa ya Tisa

Jumamosi, katika duka la mashine za bustani huku ughaibuni, mjini Richmond Hill, nilimwona mzee mmoja wa Kitanzania akigonga trekta dogo la zamani kwa kidole, kisha akitega sikio, vile tunavyochagua chungu sokoni.

“Sikia, mama! Chuma kitupu. Haya mapya ni plastiki.”

“Baba, tunakaa ghorofa ya tisa,” mkewe akamjibu. “Utalima zulia?”

Mzee hakuondoa mkono kwenye boneti. Mama akamtazama, akasogea, naye akagonga. Ngoo! Akagonga tena, polepole.

“Muulize muuzaji kama atatuwekea mpaka tupate nyumba yenye bustani.”

Sijui utamu wa chuma kikuukuu unatoka wapi. Nilipofika kwenye gari langu jipya nililigonga, na afadhali nisingeligonga.