Vichwa Kumi na Tisa

Kinyozi wa mtaa ule alikuwa na tabia moja ya kumkera mteja mwenye haraka: hakujua kunyoa nusunusu. Ukishakaa kwenye kiti chake, kile chenye mguu uliofungwa waya, hushuki mpaka nyuma ya masikio pakaguliwe, shingo ifutwe spiriti, naye akuzunguke mara ya mwisho, jicho moja kalifumba, kama fundi mwashi anayepima ukuta.

Mdogo wake wa kike ndiye aliyekuwa mlezi wa nyumba ya geti la kijani, walimoishi vijana kumi na tisa waliookotwa stendi na kwenye baraza za maduka. Mwenye nyumba alikuwa amefariki na warithi walitaka kuuza. Wakakubali kuwauzia watu wa mtaa kwa nusu bei, mradi fedha zipatikane kabla ya mwezi kwisha. La sivyo, vijana watoke. Majirani walichanga walichonacho. Muuza mkaa alitoa, walimu walitoa, hata bibi wa genge la nyanya alitoa. Zilizopatikana hazikufika hata theluthi. Ndipo ikapangwa changizo la Jumapili, na wenye nazo wakaalikwa.

Ijumaa mlezi alipita dukani kwa kaka yake.

"Kaka, Jumapili wanakuja watu wazito. Nipunguzie hawa vijana nywele kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Kidogo tu, wasitishe watu."

"Mdogo wangu, kichwa cha nusu mimi sikijui. Niletee wote."

Jumamosi ndiyo siku yake ya kupata riziki, lakini aliwafungia wateja mlango. Wa kwanza kukaa alikuwa Wakili, kijana wa miaka kumi na saba aliyepewa jina hilo kwa ubishi wake.

"Baba, usinichore ramani kichwani."

"Tulia. Ukitikisika nakutoa sikio, halafu ukanishtaki vizuri."

"Nitashinda kesi!"

"Utashinda, lakini hukumu hutaisikia."

Wakacheka mpaka barabarani watu wakageuka. Kinyozi alinyoa hadi vidole vikafa ganzi. Wasichana aliwapeleka kwa msusi wa jirani, na fundi cherehani akapiga pasi mashati yote bure. Jioni vijana waligombania kioo. Wakili alijitazama mbele na pembeni, akapapasa utosi, kisha akasema, "Kumbe na mimi nafanana na mtu."

Kesho yake, katika ukumbi wa shule, vijana waliingia kwa mstari, wamenyooka. Kinyozi, aliyekaa nyuma kabisa, alisubiri wageni washangae. Kweli walishangaa.

Mwenye maduka ya saruji alimwinamia mkewe, ila sauti yake haikujua kunong'ona. "Hawa ndio wasio na makao? Mbona wamependeza kuliko wanetu?"

"Labda wameazimwa kwa siku ya leo," mkewe akajibu.

Kicheko kikapita viti vya mbele. Mzee mmoja, aliyekwisha kuandika hundi, aliikunja mara mbili na kuirudisha mfukoni. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka tu kuuona umaskini wenyewe kabla ya kuulipia, uwe na vumbi, unuke, uinamishe macho. Kijana aliyewatazama usoni hawakuona kama ana shida.

Kikapu cha michango kilirudi kimejaa sarafu na pole.

Nje ya ukumbi mlezi aliegemea ukuta. "Wananiuliza kama vijana hawa ni wapangaji wetu," alisema.

"Nimewaharibia, mdogo wangu."

"Usiseme hivyo, kaka."

Akamshika kaka yake mkono, lakini hakumwambia kwamba kosa si lake.

Mwezi ulipokwisha, warithi walibadilisha kufuli. Baadhi ya vijana walichukuliwa na majirani. Kinyozi alikuwa na nafasi ya wawili tu kwenye sakafu ya duka. Wakili aliwaachia wadogo, akasema yeye anajiweza. Wengi walirudi walikotoka.

Miezi minne baadaye, jua la saa saba, kinyozi alimkuta Wakili kwenye njia panda yenye taa za magari. Nywele zilikuwa zimesokotana na vumbi, midomo imepasuka.

"Mwanangu! Unaishi wapi siku hizi? Twende dukani. Robo saa tu, nikutengeneze."

"Shikamoo, baba." Wakili alirudi hatua moja nyuma, akaufunika utosi kwa viganja viwili kama anayelinda chakula. "Nashukuru. Ziache tu."

"Bure, mwanangu. Lini nimekudai?"

"Sijakataa kwa ubaya, baba. Nikiwa hivi wananipa."

Taa ikawa nyekundu. Wakili akalegeza mabega, akainamisha macho na kulisogelea gari la mbele. Kioo kikashuka.