Ngozi ya Msondo wa Babu

Juzi nilipeleka simu kwa fundi pale Ukunda, kioo kimepasuka. Kijana yule alikuwa akiifungua huku simu yake nyingine inaonyesha mahojiano. Mzungu anauliza, mtu anajibu, watu wanacheka. Sauti ile naijua. Nikainama kutazama. Ndevu zimeshakuwa nyeupe, lakini ndiye: mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi yangu, ambaye huko Ulaya amepiga dramu za roki kwenye viwanja vilivyojaa watu hadi juu.

"Mathe, huyu msee si ni wa huku kwenu Msambweni?" fundi akaniuliza. "Anasema mamake alichoma drum yake juu ya kuchukia muziki. Kumbe ametoka mbali!"

Nilimwacha amalize kazi yake. Wewe nitakusimulia yote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, mwaka ule wa mvua isiyokatika. Nilikuwa na miaka kumi, nalelewa na bibi. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi kila jioni, na mjomba, mtu mzima tayari, alipenda kukaa kando yangu akipiga ndoo na masufuria kufuata mkwaruzo wa kibao changu cha mbuzi. Nikiongeza kasi, naye anaongeza. Bibi akitoka jikoni na mwiko hutuuliza kama leo tutakula ngoma, kisha utamwona bega linamcheza.

Kupiga alifundishwa na babu, aliyekuwa mpigaji wa sengenya, ngoma ya arusi zetu sisi Wadigo. Babu alipofariki, msondo wake, ile ngoma ndefu, ulisimamishwa chumbani kwa bibi na hakuna aliyeugusa. Mjomba naye akapata kazi kwenye bendi ya hoteli moja Diani, akawa anawapigia wageni roki. Tuliona fahari, usiniulize kiasi gani.

Sasa, huku kwetu ngoma haipigwi ikiwa baridi. Kabla ya arusi wanaume huwasha makuti, ngoma zikalazwa kuzunguka moto mpaka ngozi zikaze na sauti itoke. Jambo hilo hata mtoto analijua.

Siku moja mjomba alikuja na ile ngoma ndogo ya kwenye seti ya dramu, mali ya hoteli, aifanyie mazoezi. Usiku ule alikuwa anakuja mgeni wa kumsikiliza, mtu wa kutoa santuri, na akimpenda angemchukua Ulaya. Mjomba akaigonga mara mbili tatu, akakunja uso.

"Mama, ngozi imelegea. Na ufunguo nimeusahau hotelini. Naenda kuuchukua."

Bibi hakuuliza ufunguo wa nini; ngoma zile za kizungu hukazwa kwa ufunguo, si kwa moto, naye hakujua. Alisikia neno moja tu, ngozi. Nani alimwambia kuwa ile ni plastiki? Ilikuwa nyeupe, imewambwa vizuri, kama ya mbuzi iliyoparwa ikaparika. Akaniambia nichochee moto wa makumbi ya nazi. Akakiweka kile kigoma karibu na makaa, akawa anakigeuza polepole, huku akimwombea mwanawe kwa Mungu. Sijamwona tena mtu akishika kitu kwa upole namna ile. Ghafla ngozi ikanywea, ikatoboka katikati, na ua mzima ukanuka plastiki.

Mjomba alirudi na ufunguo mkononi. "Mama, umenimaliza!" akasema, akakaa chini matopeni akalia.

Bibi hakujitetea. Aliingia chumbani akatoka na msondo wa babu na kisu. Akaanza kuiwambua ile ngozi. Wakailoweka, wakaikata, wakaiwamba wote wawili kwenye ule mviringo wa chuma, na ilipokauka jioni ikapashwa moto. Safari hii aliyeipasha ni mjomba mwenyewe. Haya nayasema kwa sababu nilikuwepo.

Kesho yake mpiga gitaa wa bendi yao, kijana wa kutoka bara, alikuja mbio hadi mlangoni. "Shikamoo, nyanya! Hiyo ngozi yako imemaliza watu! Mzungu alishindwa kukaa, anasema sauti kama hiyo hajawahi kusikia!"

Mjomba aliondoka kwenda Ulaya kabla ya Ramadhani, na kigoma kile chenye ngozi ya babu mkononi. Zikaja picha mbili, kisha kimya. Siku moja jirani aliyekuwa akifua mashuka hotelini akaleta gazeti lililoachwa na mgeni, akamwita mwanawe wa sekondari atusomee. Mpiga dramu maarufu, sauti nzito isiyo na mfano, mama mkali aliyechukia muziki akaichoma ngoma motoni. Ngozi ya babu haikutajwa hata kwa neno moja.

Bibi alikuwa anachambua mchicha. "Kasema nimeichoma?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Mwambieni nilikuwa naipasha."

Hatukuwa na anwani yake. Akaendelea kusema hivyo kwa kila mgeni aliyeingia, mpaka alipolala kitandani asiamke tena. Mwambieni nilikuwa naipasha. Mjomba hakuja mazikoni. Nina uchungu naye na sifichi. Labda huko hadithi ya mama katili inauza kuliko ya mama asiyeijua plastiki.

Arusi za siku hizi wanakodi spika. Huwezi kuona makuti yakiwashwa, wala wanaume wakibishana ngoma ipi imeiva.

Fundi aliponirudishia simu nilimwambia, "Hakuichoma. Alikuwa anaipasha." Akaitikia "Sawa, mathe," kama mtu anayeambiwa habari za mvua.

Nilipofika nyumbani nikaingia chumbani kwa bibi. Msondo ungali umesimama pembeni. Nikaingiza mkono kwa juu, ukapita mpaka kwapani bila kugusa kitu. Ngozi yake imezunguka dunia, na aliyeibeba hajasema ilitoka wapi.