Siku Niliyomkumbatia Samaki Bwawani

Nianze na aibu yenyewe, ili mnaotaka kucheka mcheke mapema tuendelee: yule msichana mliyemwona kwenye video, amesimama bwawani maji yakimfika kifuani, amemkumbatia samaki kama mtoto mchanga huku wazungu wazima wakimsihi kutoka ukingoni amwachilie, ni mimi. Si mtu tunayefanana naye. Ni mimi Achieng wa Mbita, mwanafunzi wa chuo hapa Johannesburg, na nawaeleza ilivyokuwa kwa sababu ile video haina mwanzo, na mwanzo ndio unaonitetea kidogo.

Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria. Baba alinifundisha kuvua mbuta kwa mshipi wa mkono kabla sijajua kusoma vizuri, na mbuta si samaki wa mchezo, akishika ndoana anakuvuta mpaka unajiuliza nani anamvua nani. Nilipohamia Randburg, mtaa wa hapa Johannesburg, kwa Anti Mercy (mdogo wake mama, ameishi huku miaka mingi) nilidhani nitazoea kila kitu, na kweli baridi niliizoea, taa za kuongoza magari nikajifunza kuziita robot, lakini mikono iliniwasha. Kila niliyemuuliza samaki wanavuliwa wapi alinielekeza supamaketi. Johannesburg haina ziwa, waliniambia, haina bahari, na mto wake ukivaa viatu vizuri unauruka. Muhula mzima nikawa nakodolea macho vidoa vya buluu kwenye ramani ya simu kama mtu anayetafuta mchumba.

Mwisho Kwizera, Mrundi tunayesoma naye darasa moja, akanipeleka kwenye duka la vifaa vya uvuvi karibu na kwao Kensington. Mwenye duka akatuelekeza kwenye bwawa moja upande wa Midrand, akiongea Kiingereza chake cha haraka chenye Kiafrikana ndani yake, na tulipokuwa tunatoka akainua kidole akasema, "Lakini kila kitu kinarudi, né?"

Sikuelewa. Nikamtazama Kwizera, Kwizera akatazama dari.

Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza, swali moja tu, lakini nilikuwa nimeshajigamba mbele ya yule mzee kwamba kwetu nimevua samaki mrefu kuliko meza yake, na fundi haulizaulizi. Nikasema, "Sharp," neno lao la kukubali, nikaondoka, na njiani nikajitafsiria mwenyewe kwamba anamaanisha takataka, yaani chupa na mifuko tuliyoenda nayo irudi nyumbani. Nikaona huyo ni mtu mstaarabu sana.

Jioni hiyo nikamkuta Anti anapanga chakula cha Jumapili, maana ushirika wa Wakenya ulikuwa unakutana kwake, mchungaji na familia kadhaa, na alitaka kuagiza mbuzi.

"Usiagize mbuzi, Anti," nikasema. "Nitaleta samaki."

"Samaki wa kutosha watu wote hao?"

"Mkubwa."

"Achieng, Mchungaji anakuja."

"Anti, niamini."

Akaniamini. Akaandika kwenye kundi la simu kwamba kutakuwa na samaki fresh, na mtu mmoja akajibu kwamba tangu atoke Kisumu hajaonja samaki wa maana, kwa hiyo Jumapili hatakunywa hata chai asubuhi.

Jumamosi tukaenda, mimi na Kwizera, na kuchanganyikiwa kukaanza tulipofika tu. Watu walikuwa wamepiga mahema kama wamehamia. Fimbo zao za kuvulia zilikaa kwenye vyuma zenyewe, zikilia pii pii samaki akigusa, wenyewe wamekaa kwenye viti wanakunywa kahawa. Jirani yetu, mzee mwenye ndevu nyeupe ambaye kila mtu alimwita Oom Hennie (Oom ni kama sisi kusema mjomba, na wanawake wakubwa wanaitwa Tannie, yaani shangazi, hayo nilishayajua, na mtaona yalivyoniponza), alikuwa anakanda ugali. Ugali kabisa, wa mahindi, kisha akaumiminia kitu chenye harufu ya stroberi.

"Hawa samaki wanakula vizuri kunishinda," Kwizera akaninong'oneza.

Na kando ya kila hema kulikuwa na godoro dogo la plastiki. Nikadhani ni la watoto.

Oom Hennie aliona mshipi wangu niliouviringisha kwenye kipande cha mti akanihurumia, akanipa tonge la ule ugali. Nikalitia kwenye ndoana, nikatupa mshipi majini. Tukakaa mpaka nikaanza kusinzia, halafu mshipi ukanikata vidole, na nikajua bila kuambiwa kwamba aliye chini si mdogo. Nilimvuta, akanivuta, nikakaa chini, nikasimama, na nilipomleta karibu, karp mnene wa magamba ya dhahabu, watu wote waliacha fimbo zao wakaja kunisaidia. Huyu ana wavu, yule analeta godoro. Wakamlaza samaki kwenye godoro. Oom Hennie akammwagia maji taratibu kwa ndoo. Mama mmoja akapiga magoti na kachupa ka dawa, akampaka mdomoni pale ndoana ilipotoboa.

Kwizera akasema, "Dada, wanamtibu?"

"Labda ni kiungo," nikamjibu, lakini nami sikuwa na hakika.

Wakampima, wakapiga makofi, wakanipiga picha nimempakata, vijana wakawasha video. Nikashukuru. Kisha nikamrudisha kwenye godoro, nikachukua kipande cha kuni nimpige kichwani mara moja asiteseke, kama Baba alivyonifundisha.

Oom Hennie akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa hofu.

"Hapana, msichana wangu," akasema. "Huyo ni Tannie Bets."

Kwa lafudhi yake mimi nikasikia kwamba samaki ni wa Tannie Bets, mkewe labda, na kwamba hapa pana desturi ya kumpelekea mwenyeji fungu lake. Basi nikamjibu kwa heshima zote, "Hakuna shida, Oom. Tannie Bets nitamkatia kichwa, nimfungie vizuri."

Yule mama wa dawa akajiziba mdomo.

"Dada," Kwizera akasema kwa Kiswahili, polepole, kama anayetoa habari ya msiba. "Tannie Bets ni samaki."

Kabla maneno hayajaniingia, samaki akajirusha akaserereka kuelekea majini, na mwili wangu ukafanya ulichofundishwa tangu utotoni: ukamfuata. Nilitua juu yake, tukaingia bwawani wote wawili, na nilipopata pa kusimama nilikuwa nimemkumbatia kwa mikono yote, namuwaza Mchungaji, namuwaza mtu wa Kisumu asiyekunywa chai.

"Mwachilie," Oom Hennie akaniambia kwa upole. "Tunamjua miaka mingi. Hapa kila kitu kinarudi."

Nikamwachilia. Alinipiga mkia usoni akaenda zake.

Jumapili tulikula samaki wa kugandishwa wa supamaketi na chipsi, na Bwana Mutiso, mmoja wa wageni, anayefanya kazi benki pamoja na mmoja wa wavuvi wale, akatoa simu akasema ametumiwa kitu cha ajabu. Mchungaji alicheka mpaka akavua miwani. Anti hakucheka. Alinifuata jikoni akasema kwa sauti ya chini, "Ungeniambia tu hujui uvuvi wa huku, ningeagiza mbuzi." Hayo ndiyo yaliyoniuma, si video.

Wiki iliyofuata nilirudi bwawani kuomba radhi. Oom Hennie akanipa kahawa, akaniuliza kwa nini nilimng'ang'ania vile, nikamsimulia juu ya Baba na ziwa letu. Akanieleza kuhusu sehemu moja ya Mto Vaal, mwendo wa saa moja na zaidi, ambako kambare wapo na mtu anaruhusiwa kuwabeba.

"Kuwabeba kwenda wapi?" nikauliza.

"Nyumbani."

"Kuwapika?"

"Kuwapika, msichana wangu. Kuwala."

Nikamuuliza tena kwa maneno mengine, na tena, mpaka akaanza kucheka. Tangu hapo nimeapa sitaitikia jambo nisilolielewa, na siku hizi nauliza hadi watu wananichoka, dukani, darasani, hata kanisani. Waache wachoke. Aibu ya kuuliza huisha mtu akishakujibu. Hii yangu ilifika Mbita wiki jana, na Baba amepiga simu akitaka kujua yule samaki ilikuwaje nikamwachia.